BWAWA LA MAARIB NA MABWAWA YETU

Tunamhimidi Mwenyezi Mungu Mtukufu, anayetunyeshea mvua kwa kadiri aijuayo Yeye, akaifanya ardhi kuwa ghala ya maji yetu. Tunamwombea rehema na amani Mtume wetu Muhammad, s.a.w., na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu, wengi wetu tumeisoma Sura ya Saba tangu tulipokuwa chuoni, tukaihifadhi kwa ulimi, wala hatukupata kumwuliza mwalimu: hao Saba ni watu gani, na kwa nini sura nzima ya Qur'ani ikaitwa kwa jina lao? Jawabu yake inatuhusu sana sisi wa leo, khasa sisi wa miji ya pwani ambao kila mwaka twalia kwa shida ya maji. Saba walikuwa watu walioneemeka kwa bwawa, kisha wakaangamia kwa bwawa.

Mji wao wa Maarib uko Yemen, upande wa mashariki wa Sanaa, katika nchi kavu ambayo mvua yake haipatikani ila kwa misimu mifupi. Mvua ikinyesha milimani, maji hushuka kwa kishindo katika bonde la Adhana, yakapita, yakazama mchangani, na nchi ikarudi katika ukavu wake. Watu wa Saba waliliona jambo hili wakalifikiri. Karne nyingi kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, a.s., walijenga baina ya milima miwili ukuta wa udongo uliovikwa mawe. Urefu wake ulikaribia mita 600, na kimo chake, baada ya kuongezwa mara kwa mara, kilifika kama mita 15. Katika kila ncha ya ukuta walijenga milango ya mawe ya kupitishia maji, na mabaki yake yangali yamesimama. Maji yaliyoinuliwa na ukuta ule yalikwenda kwa mitaro, kulia na kushoto mwa bonde, yakanywesha mashamba ya maelfu ya ekari. Basi ikawa msafiri hutoka jangwani akaingia bustanini.

Bwawa hilo lilidumu zaidi ya miaka 1,000. Lakini halikudumu kwa sababu ukuta wake ulikuwa haubomoki. Ulibomoka mara nyingi. Wachunguzi wamesoma mawe yaliyoandikwa na wafalme wa huko, na mengi yanaeleza khabari ya matengenezo. Moja katika mawe hayo ni la Abraha, yule yule ambaye wapokezi wetu humtaja katika kisa cha ndovu. Yeye alilitengeneza bwawa hilo karibu na mwaka 548 wa Masihi, akakusanya makabila, na vyakula, na mawe, na wajenzi. Kumbe hata mtu ambaye baadaye alitaka kuivunja Al-Kaaba alijua kwamba bwawa likiachwa bila ya kutazamwa, nchi imekwisha. Baada yake ukaja wakati ambao ukuta ulibomoka na hakupatikana tena wa kuujenga. Hayo yalikuwa katika miaka iliyokaribiana na kuzaliwa kwake Mtume wetu, s.a.w. Watu wa Maarib wakatawanyika katika Bara Arabu, kila kabila upande wake, hata Waarabu wakafanya mithali kwa mtawanyiko wao.

Mwenyezi Mungu anatueleza katika sura hiyo kwamba watu hao walipewa mabustani mawili, la kuume na la kushoto, wakatakiwa waile riziki ya Mola wao na wamshukuru. Wakapuuza. Yakawajia mafuriko ya bwawa, na mahala pa mabustani yao pakaota miti ya matunda machungu, na mivinje, na mikunazi kidogo. Mufassirina wengine wamepokea kwamba panya ndio walioutoboa ukuta. Ikiwa ni panya au si panya, mazingatio ni yale yale: panya hatoboi ukuta unaotazamwa kila siku na wenyewe.

SHUKRANI NI KAZI

Hapa yatupasa tusimame tuulize: watu wa Saba walitakiwa kushukuru, jee, shukrani yao ingekuwa nini? Wako miongoni mwetu wanaodhani kwamba shukrani ni neno la ulimi, kwamba mtu akisha kunywa maji akamhimidi Mola wake, deni limekwisha. Kumhimidi Mola ni wajibu wetu, na aachaye kufanya hivyo amekosa adabu. Lakini Imamu Ghazali, Mungu amrehemu, ameeleza kuwa shukrani ina sehemu tatu: kujua kuwa neema yatoka kwa Mola, kisha moyo kuifurahia kwa unyenyekevu, kisha kitendo, nacho ni kuitumia neema katika jambo lile alilolipenda mwenye kuitoa. Shukrani isiyokuwa na kitendo ni mti usio na mizizi. Mwenye kupewa nyumba akasema ahsante kila asubuhi, naye anaacha paa livuje hata kuta zikaporomoka, huyo hakushukuru. Na aliyepewa bwawa akaliacha lijae tope, hata akisoma himdi mara elfu, huyo naye hakushukuru.

Tuna ugonjwa mmoja, ndugu zangu, na haifai tuufiche. Ukuta ukianguka twasema: ndiyo amri ya Mungu. Mtoto akizama katika shimo la maji lisilozungushiwa ua twasema: ajali yake imefika. Naam, kila jambo liko katika kadari yake Mwenyezi Mungu, na asiyeamini hivyo hana imani iliyotimia. Lakini aliyetufunza kuamini kadari ndiye aliyemwamuru yule bedui amfunge kwanza ngamia wake, ndipo amtegemee Mola. Mwenye kuacha kumfunga ngamia, kisha akasema kuwa Mungu ndiye aliyempoteza, ameifanya dini kuwa pazia la uvivu wake. Hili si jambo dogo. Ni kumsingizia Mwenyezi Mungu makosa ya mikono yetu.

KUTOKA MATULO HATA NAIROBI

Tuyatazame sasa mambo ya nchi yetu, na tuanzie mbali na pwani, pahala ambapo mtu wa Lamu au Mombasa angedhani hapana haja ya kuzungumza khabari ya maji. Matulo ni pahala karibu na mji wa Webuye, katika Kaunti ya Bungoma. Pande hizo si ngeni kwa watu wetu. Misafara ya pwani ilifika Mumias, jirani ya hapo, tangu karne ya 19, na Nabongo Mumia mwenyewe alisilimu. Huko hupita mto Nzoia, utokao katika milima ya Cherang'any na mlima Elgon, ukashuka kwa maporomoko ya Nabuyole karibu na Webuye, ukaenda zake mpaka Ziwa Victoria. Mvua ya nchi hiyo ni nyingi kuliko yetu, na mtu aliyezoea kununua maji kwa mtungi akisimama ukingoni mwa mto ule, moyo wake huingia tamaa.

Lakini mto kupita mbele ya nyumba si maji kuwamo nyumbani. Maji ya mto yataka kutegwa, na kutulizwa tope, na kusafishwa kwa dawa, na kuinuliwa kwa mashini, na kupelekwa kwa mabomba. Pale ambapo kazi hiyo haijafika, wanawake na watoto hushuka kwenye chemchem na ndoo vichwani, na mto ukinguruma karibu yao. Kisha maji yale yale ya Nzoia, mvua izidipo, hushuka mpaka Budalang'i katika Kaunti ya Busia, yakavunja matuta yaliyojengwa kuyazuia, yakawatoa watu majumbani mwao. Mto ni mmoja, na ndani yake wako wenye kiu na wako wenye kugharikishwa. Maji wanayo. Walichokosa ni mkono wa kuyakusanya, na jicho la kuyalinda yakisha kukusanywa.

Jicho hilo ndilo lililo adimu kuliko mkono. Katika nyanda za Kitale, zama za ukoloni, walowezi walijenga mabwawa madogo katika mashamba yao kwa kunyweshea ng'ombe na mimea. Yako ambayo yangali yanawafaa watu. Na yako yaliyojaa tope hata yakaota majani, kwa kuwa aliyeyachimba ameondoka, na aliyeirithi ardhi hakuirithi kazi ya kuyasafisha. Watu hudhani kuwa bwawa hufa siku ukuta wake unapopasuka. Bwawa hufa pia polepole, pasina kishindo, kwa udongo unaokokotwa na mvua kutoka katika vilima vilivyokatwa miti na kulimwa mpaka ukingoni mwa maji. Kila msimu kina hupungua kidogo, wala hapana anayelia, kwa kuwa hapana aliyeona msiba.

Mfano ulio wazi zaidi wa mauti ya namna hiyo uko katika mji mkuu wetu. Mwaka 1953 huko Nairobi lilitengenezwa bwawa linaloitwa Nairobi Dam, kwa kuuzuia mto Motoine upande wa kusini wa Kibera. Lilikusudiwa liwe akiba ya maji ya mji wakati wa shida. Papo hapo likawa pahala pa kupumzikia: palikuwa na chama cha waendesha mashua za tanga, na watu wakienda huko kuvua samaki na kupunga upepo. Basi bwawa moja likawa na faida mbili, kiu na starehe. Kwa miaka mingi sasa bwawa hilo limefunikwa na magugu maji, na taka, na tope. Mashua zimekwisha kuondoka. Maji yake hayanyweki, na mtoto akiyachezea yuko katika khatari ya maradhi.

Nani aliyeliua bwawa hili? Wako wepesi wa kujibu: ni watu wa Kibera, kwa kuwa uchafu wa mitaa yao ndio unaoteremkia humo. Jawabu hiyo ina kweli nusu, na kweli nusu ni mbaya kuliko uongo kwa kuwa hudanganya wenye akili. Kibera ilianzishwa na askari Wanubi, Waislamu wenzetu, waliowekwa pale mwanzo wa karne ya 20 baada ya kuitumikia serikali ya kikoloni. Wao na majirani zao waliokuja baadaye waliishi miaka na miaka bila ya kupewa ardhi yao kwa hati, wala mitaro, wala vyoo vya kutosha, wala gari la taka. Mtume wetu, s.a.w., amekataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama, na amewaonya vikali wale wanaojisaidia mahala watu wanapoteka maji. Makatazo hayo yanatulazimu sote, tajiri na maskini. Lakini Sheria haimkalifishi mtu ila kwa kadiri ya uwezo wake. Maskini asiyepewa choo, na mkubwa aliyekuwa na mamlaka na mali ya kujenga choo asijenge, hawasimami pamoja katika hisabu. Kila mwenye kuchunga ataulizwa khabari ya wale aliowachunga, na mwenye mji ataulizwa kwanza kabla ya mpangaji wa chumba kimoja.

MSIBA WA DERNA

Wala tusidhani kuwa mambo ya Maarib ni ya zama za kale, au kwamba Mungu huwasamehe Waislamu natija ya uzembe kwa kuwa ni Waislamu. Mwezi wa Septemba 2023 mji wa Derna, katika Libya, mji wa misikiti na wanavyuoni, ulipatwa na msiba ambao hatutausahau. Juu ya mji huo palikuwa na mabwawa mawili yaliyojengwa katika miaka ya 1970 kuzuia mafuriko ya bonde. Nyufa zake zilijulikana tangu 1998. Kampuni ya kuyatengeneza ilipewa kazi mwaka 2007. Kazi ikakatika katika fitina ya 2011, wala haikutimizwa. Mwaka 2022 mwanachuo mmoja wa huko aliandika na kuonya kuwa mabwawa yale yataka kutazamwa haraka. Ikaja tufani usiku, mvua ikamiminika, kuta mbili zikapasuka moja baada ya moja, na maji yakaichukua mitaa pamoja na watu waliolala. Waliokufa ni maelfu. Mwaka 2024 mahakama ya nchi hiyo iliwatia hatiani maofisa 12 kwa kupuuza kazi waliyopewa.

Mvua ile ilikuwa amri yake Mwenyezi Mungu. Na ile miaka 25 baina ya kuonekana ufa na kupasuka ukuta ilikuwa ni nini? Hiyo ilikuwa ni muhula. Mola alitoa muhula wa robo ya karne, na waja wakaupoteza katika kugombania vyeo. Hata hapa Kenya tumelionja jambo hili: tarehe 9 Mei 2018, huko Solai katika Kaunti ya Nakuru, bwawa la shamba lilipasuka usiku, likaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanawake na watoto. Kwa ajili hii twasema kuwa mwenye kuyafungia maji juu ya vichwa vya watu amebeba amana nzito. Maji yaliyotulia nyuma ya ukuta ni rehema maadamu mlinzi wake yu macho.

JEE, YAFAA KUSTAREHE PENYE MAJI YA KUNYWEWA?

Baadhi ya ndugu huuliza swali hili, na wengine hujibu kwa haraka kwamba michezo ni upuuzi, na kwamba bwawa la umma lisifanywe pahala pa furaha. Sisi hatuoni kuwa jawabu hiyo ina nguvu ya dalili. Asili ya mambo ni kuruhusiwa mpaka lipatikane katazo. Mtume, s.a.w., alishindana mbio na Bibi Aisha, r.a., na akawaacha Wahabeshi wacheze na mikuki yao msikitini, naye akitazama. Dini yetu haikumharamishia mtu aliyechoka kwa kazi kuketi kandoni mwa maji na watoto wake.

Tena katika tarikhi yetu mna mfano. Huko Kairouan, katika Tunisia, maamiri wa Aghlab walijenga katika karne ya 9 mabirika makubwa ya kuwapatia watu wa mji maji. Lililo kubwa lina upana wa kama mita 128, nalo liko hata leo. Maji huingia kwanza katika birika dogo, yakaacha tope lake humo, ndipo yakapita katika kubwa yakiwa yametulia; na katikati ya birika kubwa palijengwa nguzo yenye kibanda juu yake, amiri akienda kupumzika hapo. Tazameni utaratibu wao: starehe ilikuwa juu ya maji, na uchafu wa starehe haukuwa ndani ya maji. Walijua lipi la kwanza na lipi la pili.

Basi kauli yetu ni hii. Kustarehe penye bwawa kwajuzu kwa masharti. La kwanza, haki ya mnywaji itangulie furaha ya mchezaji. Na ikiwa michezo inayaharibu maji, michezo ndiyo itakayoondoka. La pili, asiyejua kuogelea asiachwe kuingia, wala mtoto asiende peke yake, na penye kina pawe na mlinzi. Kwa kuwa kuepusha madhara hutangulizwa mbele ya kuleta manufaa. La tatu, kutakata: vyombo vya plastiki, mabaki ya vyakula, na nepi za watoto, hivyo hurudi na wenyewe walikotoka navyo. La nne, sitara na swala; mtu asivue haya yake pamoja na nguo zake, wala asiikose Alasiri kwa sababu ya mashua. La tano, pasiwe na ulevi wala kamari. Akiyatimiza hayo, na aende akafurahi, na arudi nyumbani amshukuru Mola wake.

NA SISI WA PWANI?

Tumesema ya Yemen, na Libya, na Nairobi. Imebaki tuseme yetu, kwa kuwa mawaidha yasiyomgusa mwenye kuyasikiliza ni hadithi tu.

Wazee wetu walikuwa watu wa birika. Nendeni Gede mkaone: katika msikiti mkubwa wa mji ule uliohamwa kuna kisima, na birika, na mtaro wa kuyapitisha maji ya udhu. Wako wachunguzi wanaosema kuwa kushuka kwa maji ya visima ni moja katika sababu zilizowafanya wenyeji wauhame mji wao. Huko Unguja, Sayyid Barghash aliyetawala tangu 1870 hata 1888 aliyaleta mjini maji ya chemchem kwa mabomba, watu wakanywa bure. Wote hao walifuata mwendo wa waliotangulia: Sayyidna Uthman, r.a., aliyekinunua kisima cha Ruma akakitoa kwa Waislamu. Na Saad bin Ubada, aliyetaka kumtolea sadaka mama yake aliyefariki, akaelekezwa kwenye maji, akachimba kisima. Na Bibi Zubeda, mkewe Harun al-Rashid, aliyewajengea mahujaji mabirika njiani na kuwaletea maji Makka.

Leo Mombasa hunywa maji ya mbali. Tangu miaka ya 1950 bomba kubwa limetuletea maji ya chemchem za Mzima, zilizo katika mbuga ya Tsavo, nazo hupata maji yake kutokana na mvua inayozama katika vilima vya Chyulu. Mengine yatoka Marere katika vilima vya Shimba, mengine Baricho kandoni mwa mto Sabaki, mengine katika visima vya Tiwi. Hayatoshi, na kila mtu wa mjini anajua, kwa kuwa anaisikia mikokoteni ya mitungi ikipita mlangoni mwake. Kwa ajili hii limekusudiwa bwawa la Mwache katika Kaunti ya Kwale, liwape maji watu wa Mombasa na Kwale na kunywesha mashamba. Tunaliombea kheri. Lakini twauliza, na kila mmoja ajiulize: likisha kujaa, nani atakayelilinda? Jee, vilima vilivyo juu yake vitaachiwa miti yao, au vitakatwa mkaa na kulimwa hata bwawa lijae tope kama yale ya bara? Jee, wale ambao ardhi yao imeingia katika bwawa watakuwa wamepewa haki yao kamili? Mwenye kunywa maji yaliyopatikana kwa kumdhulumu jirani, amekunywa dhuluma. Na jee, mabomba yatatobolewa usiku kama yanavyotobolewa haya tuliyo nayo, maji yakauzwa na aliyeyaiba kwa aliyeibiwa?

Mtu asiseme kuwa hayo ni mambo ya serikali tu, sisi ni watu wadogo. Serikali ina wajibu wake, na yafaa tuudai kwa sauti moja, kwa barua na kwa wajumbe wetu, wala tusichoke. Lakini mifereji ya msikiti ni ya nani? Nendeni baada ya swala ya Adhuhuri mkasikilize: mfereji huu unadondoka, na ule umefunguliwa kwa nguvu zote, na mtu anaosha mguu mmoja kwa maji ambayo yangemtosha Mtume, s.a.w., kwa udhu wake wote. Yeye akitawadha kwa kibaba kimoja, na akioga kwa vibaba vichache. Na imepokewa kuwa alimkataza mtu israfu ya maji katika udhu hata akiwa kandoni mwa mto unaopita. Basi aliye Matulo, na Nzoia inanguruma mbele yake, hana rukhsa ya kupoteza maji. Vipi sisi tunaoyanunua?

Tunatoa rai tatu, na twaziomba kamati za misikiti zizitazame. Ya kwanza: mtu akitoa tangi, au kisima, au bomba kwa ajili ya thawabu, atoe pamoja nacho wakfu wa kukitunza, hata ikiwa ni kodi ya chumba kimoja, na awekwe msimamizi atakayetoa hisabu kila mwaka mbele ya jamaa. Sadaka isiyo na matengenezo hukauka, na wenye kiu wakarudi walikokuwa. Ya pili: mvua zinyeshapo, maji ya mapaa ya misikiti yetu yasiachwe kumwagika njiani, yakusanywe katika mabirika, kama walivyofanya wazee, na mabirika yafunikwe na kusafishwa, yasiwe nyumba za mbu. Ya tatu: walimu wa vyuo na madrasa wawafunze watoto Sura ya Saba pamoja na maana yake, ili mtoto akue akijua kuwa kuziba ufa ni ibada, na kuzibua mtaro ni ibada, kama ilivyo ibada kuisoma sura yenyewe.

Ndugu zetu, watu wa Saba hawakuangamia kwa kukosa mvua. Waliangamia nayo mvua ikinyesha. Neema ilikuja kama ilivyozoea kuja, ikakuta ukuta mbovu na watu walioghafilika, basi ile ile iliyokuwa neema ikawa adhabu. Nasi mvua zetu zingali zinakuja. Tuombe Mola atujaalie tuwe na kuta zilizotengenezwa kabla hazijafika, na nyoyo zilizoamka kabla ya kuta.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe katika wenye kushukuru kwa ndimi zao na kwa mikono yao. Usiyafanye maji yetu kuwa hoja juu yetu siku ya hisabu. Warehemu waliokufa Derna, na Solai, na Budalang'i, na kila aliyechukuliwa na maji, na uwape subira waliobaki. Waongoze wenye mamlaka juu yetu wazitazame amana walizopewa, na utuongoze sisi tuwasaidie katika kheri na tuwakataze katika dhuluma. Amin.